Shika Upande wa Nyuma

Lilitoka kwenye robota la mitumba, Gikomba,
chini ya makoti ya wazee waliofia Ulaya.
Zito, la sufi, miraba ya kijani na buluu.
Kilatya akalikung'uta mara mbili:
"Hili ni blanketi lililoshonwa vibaya.
Chukua kwa mia mbili."
Lilikuwa na mikanda ya ngozi ubavuni
na mikunjo ishirini na saba. Niliihesabu usiku
kama mtu anayehesabu mbavu za ng'ombe
kabla ya kutoa pesa.

Sikulivaa ili kusema neno.
Mimi ni fundi wa saa, Luthuli,
kazi yangu ni kuinamia vitu vidogo, kimya.
Jumanne ile suruali zangu zote mbili zilikuwa kambani
na Julai ya Nairobi haikaushi kitu.
Jumatano zilikuwa zimekauka.
Jumatano nikalivaa tena.

Askari wa benki alipitisha kile kidude chake
mabegani, kwapani, kiunoni,
kikafika kwenye pindo kikasita,
naye akanitazama kama msomaji aliyepotelewa na ukurasa.
"Pita," akasema. "Pita tu, ma... mzee. Pita."

Muuza vifuniko vya simu aliita, "Anti!"
na mtaa mzima ukageuka kumtafuta.
Mhubiri wa kona, kanzu nyeupe hadi vifundoni,
mshipi wa zambarau,
alimwacha Yona ndani ya samaki, hajatapikwa,
akanifungulia Kumbukumbu la Torati.
Nilisimama hadi mwisho,
maana si adabu kuondoka mtu akikutaja,
na upepo ulipoipandisha kanzu
niliona soksi zake: moja ya kahawia, moja nyeusi.

Bwana Keter, ninayempangia dirisha,
aliuliza kama ni ugonjwa.
Kisha kama ni dini.
Kisha kama ni siasa.
Nilipokana yote matatu, ndipo alipoogopa.
Mteja mmoja alichukua saa yake ikiwa tumbo wazi
akaondoka nayo hivyo hivyo.
Mwanafunzi wa ghorofani alinieleza kwamba kwao, Uskoti,
wanaume huliolea.
Nikamshukuru. Halikupunguza macho hata jozi moja.

Mama akapiga simu kutoka Mwala;
habari zilikuwa zimepanda basi la kwanza.
Nilingoja laana.
Alinyamaza, salio lake likiliwa,
kisha: "Na magoti, Musembi? Hayapati baridi?"
"Yanapata, mama."
"Basi vaa soksi ndefu." Akakata.

Alhamisi jioni, kona ya Tom Mboya,
vijana wanne, halafu saba.
Mwanzo kicheko.
Kisha mkono mmoja ukashika pindo ukavuta kidogo,
kama unavyovuta pazia kuona kama kuna mtu.
Miaka thelathini napita kona ile
na sikuwahi kuisikia sauti hiyo,
viatu vingi vikisogea bila haraka.

Mwanamke mwenye mfuko wa sukumawiki
akapenya katikati yao kama anayepita sokoni.
"Kumbe uko hapa! Nimekungoja mpaka basi,"
akanishika kiwiko.
Simjui. Tukatembea.
Hakuuliza kwa nini. Alisema, macho mbele:
"Kaa karibu na ukuta. Usikimbie.
Pale kwenye upepo, shika upande wa nyuma,
wa mbele utajitunza."

"Umejuaje?" nikamuuliza, mjinga mimi.

Akanitazama kwa mara ya kwanza,
sketi yake ya kazini ikimpiga goti,
mfuko umehamia mkono wa kulia,
na wa kushoto uko tayari nyuma,
mahali ulipokuwa kila jioni
nilipokuwa nikipita kando yake, suruali yangu safi,
nikitazama saa.