Kabati Juu ya Birika

Chupa niliikuta juu ya birika,
nyuma ya siki na kopo la mnanaa,
siku ya nne baada ya kumzika mama.
Nje, Bydgoszcz ilikuwa imeganda,
na Wiesława wa ghorofa ya pili
alikuwa akifunga sahani kwa magazeti.

Nilivimimina vidonge kiganjani.
Vilinunuliwa vyeupe pe.
Sasa vina madoa, kahawia juu ya manjano,
kama mikono ya mama miaka ile ya mwisho.
“Tupa,” alisema Wiesława. “Sumu hiyo.”

Sikutupa. Kazi yangu ndiyo hii:
miaka kumi na tisa maabara, kiwandani,
navifungia vidonge katika joto na unyevu
ili vizeeke upesi mbele ya macho yangu,
kisha napima kilichobaki.
Basi nikamweleza, nimekalia ndoo.

Vitamini C haina subira na hewa.
Kifuniko kikifunguliwa hewa huingia,
na unyevu nyuma yake, mgeni aliyeletwa na mgeni.
Unyevu hulowesha uso wa kidonge,
utando tu, jicho haliuoni,
na humo oksijeni hupata mlango.
Vitamini hutoa ilichonacho;
ndiyo tabia yake, kutoa,
hata mwilini imetumwa hilo.
Ikishatoa huvunjika,
vipande vikashikana na vipande,
na vilivyoshikana vina rangi ya chai.
Pakiwa na chembe ya chuma au shaba
mambo huenda mbio.

“Na birika?”

Birika lilichemka mara sita kwa siku.
Mama hakunywa maji baridi,
na pamba ya mdomo wa chupa
aliitoa siku ya kwanza, akasafishia miwani.

Kuna jambo sikumwambia Wiesława.
Rangi hutangulia.
Doa hujitokeza mapema,
wakati sehemu kubwa ya nguvu bado imo.
Uso wa kidonge husema “nimekwisha”
kabla ya kidonge kwisha.

Mwaka juzi, mwezi wa Februari,
mama aliniita Halszka, jina la dada yake.
Mara moja tu, akiwa anamenya viazi.
Tangu siku ile tulianza kuzungumza
juu ya kichwa chake, kana kwamba hayupo:
dawa zake, funguo zake, nani alale naye.
Naye anamenya, ganda jembamba, refu, halikatiki.
Hatukumuuliza kitu tena.

Jumatatu nilisaga vidonge vitatu, nikapima.
Tarehe yake ilikuwa imepita miaka miwili.
Asilimia themanini na nane.
Nikapima tena, maana mkono wangu
siku hizo sikuuamini.
Themanini na nane.

Nikaandika namba daftarini.
Penye safu ya sampuli, panapotakiwa tarakimu,
nikaandika: Bogumiła.
Msimamizi alipita, akasoma,
akaenda kuwasha mashine nyingine.