Nyumbu wa Uyole

Walitangaza tangu Alhamisi, spika juu ya pikapu,
hadi kule kwetu Isyonje kwenye ukungu:
Jumamosi, Uyole, maonyesho ya wanyama kazi,
punda watavuta, watalima, watabeba,
na kwa mara ya kwanza, nyumbu!
Nikawaahidi wadogo zangu nitawaletea habari za pembe.
Shangazi akasema, "Nyumbu gani
atoke mbugani kote huko aje aumwe na baridi yetu?"
Lakini alfajiri alikuwa amevaa sweta mbili.

Tulishuka juu ya magunia ya viazi, lori la Mwambeleko,
upepo wa Agosti ukitukwangua masikio.
Mlangoni mia tano, watoto bure.
Shangazi akanipunguzia miaka mitatu,
akanikanyaga mguu nisiseme.

Ndani, vumbi. Moshi wa mahindi ya kuchoma.
Bwana wa mbolea na wimbo wake wa mbolea.
Punda wamefungwa riboni kama maharusi waliolazimishwa,
mmoja akitafuna ya jirani yake.

Kisha wakamtoa.

Alikuwa punda mrefu. Basi.
Punda aliyeanza kuwa farasi akaghairi njiani.
Watu wakaguna. Kijana mmoja akadai hela yake.
"Nyumbu wa mbugani ni mwingine," akajitetea mwenye mali,
mzee wa Usangu, kofia ya sufi, koti la mvua.
"Huyu baba yake punda, mama yake farasi.
Na yeye mwenyewe hazai. Ndivyo alivyoumbwa."

"Sasa wa nini?" mtu akauliza,
na uwanja mzima ukacheka.

Shangazi aliacha kutafuna.
Shangazi, ambaye kijiji kizima humwita Subilaga tu,
maana hakuna wa kumfanya Mama Fulani.
Mhindi ulibaki mkononi, nusu una meno, nusu kibogoyo.

Mkokoteni ukapakiwa, gunia kwa gunia, kuelekea mlimani.
Punda wa Igawilo alikwama gunia la sita.
Wa Inyala, la nane, akalala kabisa, akagoma mbele ya mgeni rasmi.
Nyumbu alivuta tisa. Alivuta kumi.
La kumi na mbili aligeuza sikio moja tu,
kama mtu aliyeitwa na asiyempenda,
akaendelea kupanda.

Hakuna aliyecheka. Wala hawakupiga makofi sana.
Zawadi ilikuwa ndoo ya samawati na kilo kumi za mbolea,
akapewa mzee.

Shangazi alipita chini ya kamba. Askari mgambo akamfokea.
"Anaitwa nani?"
"Nyumbu."
"Hilo kabila. Nauliza jina."
Mzee akatazama kofia yake, akatazama ndoo.
Hakuwahi kufikiria.
Shangazi akampa mnyama ule mhindi, na gunzi lake,
akamwambia neno sikioni, kwa Kisafwa, fupi,
sikulisikia, na mpaka leo sijaambiwa.

Usiku, jikoni, wadogo zangu wakanizingira:
"Ana pembe?"
"Anazo," nikasema. "Hivi," na mikono nikaipanua
mpaka nikagonga sufuria.
Nilimtazama shangazi.
Alikuwa anamenya viazi, ganda jembamba, refu, halikatiki.
"Ndefu zaidi ya hapo," akasema.