Risiti ya Punda

Mfuko ulitupa ruzuku, kisima chetu huku Chali kimechimbwa.
Sasa ofisini Dodoma wanataka hesabu,
kila shilingi na karatasi yake.

Saruji, risiti ipo. Mabomba, ipo.
Hata ya misumari, ile iliyoloa,
Peresi Chilongani ameibandika kwa uji wa uwele.

Lakini kokoto zilibebwa na punda wa Mbeleje,
safari arobaini na moja,
jua la Oktoba likiwaka mgongoni,
na punda hajui kuandika.

Peresi aliwaza usiku kucha.
Asubuhi akampaka ukwato masizi ya chungu,
akamkanyagisha daftarini.

Chini yake akaandika:
Amepokea pumba, madebe mawili.
Bado tunamdai shukrani.
Akafuta. Akaandika upya:
Bado anatudai maji.
Tunamlipa kila jioni.