Barabara ya Kumi na Nne

Kazi yangu ni rula.
Fupi, ya plastiki, imekatwa ianzie kwenye sifuri kamili.
Naomba ruhusa, naiegemeza kwenye jino la chini,
nasema: panua, mama, mpaka pale yanapoanza.
Kisha naandika milimita.

Bi Mwanjaa Kilua, fundi cherehani,
ameishia ishirini na tatu.
Taya lililia ko, kama kitasa kikuukuu,
likapinda kushoto, likagoma.
Miaka thelathini na minane amekata uzi kwa meno.
"Mkasi hupotea," anasema. "Meno nilikuwa nayo."

Nilikuwa.
Mawili yaling'olewa Korogwe,
la tatu Muheza, siku ya gulio,
yote mazima, yote hayana kosa.
Maumivu yakabaki palepale
kama mpangaji aliyebomolewa nyumba
na bado hajahamisha kitanda.

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Swali la tatu: Kwa kiwango cha sifuri hadi kumi,
sifuri ikiwa huna maumivu kabisa,
kumi ikiwa ni makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria,
leo yako wapi?
"Mwanangu, wanipimia unga?"

Nikarudia, neno kwa neno.
Ndivyo tulivyofundishwa semina:
kurudia, kunyamaza, kutomlisha mtu maneno.
Hasa mwenye taya kama hili.

Akafumba macho.
"Asubuhi yako Barabara ya Tatu.
Wapita, wasalimia, waendelea.
Nikitafuna muhogo, Barabara ya Saba.
Usiku sasa, upepo wa feni ukinigusa hapa"
(kidole hakikugusa, kilisimama hewani kando ya shavu)
"yanaivuka ya Kumi wala hayapungui mwendo.
Mimi nakaa ya Kumi na Nne.
Yananifikisha hadi kitandani."

Nami nimezaliwa Ngamiani.
Nilishahesabu barabara hizo kwa miguu, mkononi chupa ya mafuta ya taa,
naogopa mbwa wa ya Tisa.
Sikuwahi kuelezwa uso wa mtu
nikaujua njia hivyo.

Lakini visanduku vinaishia kumi.
Nikatia alama kwenye kumi.
Pembeni, kwa penseli, nikaandika 14.

Swali la kumi na tisa:
Je, mtu unayelala naye amewahi kukuambia
kwamba unasaga meno usingizini?

Akaanza kukunja upindo wa kanga, akaukunjua, akaukunja.
"Angeniambia Semkiwa. Alikuwa na usingizi wa paka.
Mwaka wa sita huu, yuko udongoni."
Fomu inasema: Ndiyo. Hapana. Sijui.
Haina mahali pa kuandika
aliyekuwa akijua ametangulia.

Mjukuu wake Hizza, wa miaka saba,
alikuwa sakafuni akipanga vifungo kwa rangi.
Hakuinua kichwa.
"Bibi hutafuna usiku," akasema.
"Mie nilidhani anakula bila mimi."

Bibi akacheka.
Yakampiga, akashika shavu, akazidi kucheka,
na mdomo ukapita ishirini na tatu, hilo nililiona kwa macho.
Sikupima.
Kicheko hakimo kwenye utaratibu.

Ijumaa alikuja mhakiki wa takwimu, kijana wa Dodoma,
safi, mpole, kalamu tatu mfukoni.
"Hii kumi na nne ni nini?"
Nikatafuta neno. Nikapata moja:
"Anwani."
"Anwani za washiriki haziandikwi," akasema.
"Lazima tuwalindie siri."
Akaifuta, akapuliza vumbi la kifutio,
akageuza ukurasa.

Bi Mwanjaa anarudi Jumatatu, ziara ya pili,
kuvishwa kigandishi cha meno cha usiku.
Nimemnunulia mkasi pale Mgandini, mdogo, una kamba ya kuvaa shingoni.
Kanuni ya tano: hakuna zawadi.
Uko kwenye droo,
chini ya rula.