Rula ya Dunga

Alfajiri, Dunga. Nanunua gorogoro moja ya omena
kwa Seline Nyangweso, wala si ya kula.
Nawalaza mmoja mmoja juu ya rula,
nawapasua kwa wembe, naandika:
urefu, uzito, ana mayai, hana.

"Huyo mtoto ana mimba," asema Seline
akichungulia begani pangu.
"Zamani wa kimo hicho
tulimwita mchanga."

Hajakosea. Daftari la Ogutu, aliyeshika rula hii kabla yangu,
lina doa la chai na mwandiko wa kuinama,
na samaki wake wenye mayai wanawapita wangu
kwa upana wa ukucha.

Ukucha tu.
Lakini umepunguzwa na macho ya nyavu,
macho yasiyoona, usiku baada ya usiku.

Shuleni tulikariri: mvumilivu hula mbivu.
Ziwani mvumilivu huliwa.
Aliyengoja akue kwanza, azae baadaye,
alikaangwa Kondele kwa nyanya mbili.
Mwenye pupa alitaga,
na wana wa pupa wakarithi pupa.
Hapakuwa na kikao. Hakuna aliyepiga kura.

Maabara tuna fulu ndani ya chupa,
amelala kwenye spiriti tangu kabla sijazaliwa.
Jana nilifunua shavu lake,
kisha la mjukuu wa wajukuu wake, aliyevuliwa juzi
chini ya gugumaji, kwenye maji yasiyo na pumzi.
Matamvua ya huyu wa juzi yamejaa, yamefura,
kichwa kimepanuka kuyapa nafasi.
Niliandika: *wamejifunza kupumua.*
Nikafuta.
Hakuna aliyejifunza. Wenye matamvua membamba walikufa,
basi.

Na ziko chupa, nyingi, ambazo
sina wa juzi wa kumlaza kando yake.
Mbuta aliwafikia kabla ya bahati.
Hapo rula haina alama.

Seline anafunga hesabu. Gorogoro ni ileile
aliyoachiwa na mama mkwe wake, imebonyea ubavuni,
ila siku hizi inameza samaki wengi zaidi.
"Wakizidi kupungua hivi, wataishia wapi?"
Namwambia sijui.

Anauvuta wavu unaokauka kwenye kamba,
anajaribu kupitisha kidole chake kidogo
katika jicho lake.

Hakipiti.