Usifagie Chini ya Dirisha

Nyumba hii ya Isevya niliipanga mwezi wa nane,
vumbi limeingia mpaka kwenye meno ya cherehani.
Uani nikakuta mabua makavu, vichwa vimeinama.
Nikayang'oa, nikayachoma, nikafagia
hadi mchanga ukawa na mistari kama kitambaa cha milia.
Ndivyo nilivyolelewa: mwanamke husomwa uani kwake.

Nyalanja, mpangaji aliyenitangulia,
akapiga simu kutoka Urambo kuulizia ndoo yake.
Nikajisifu: nimesafisha.
Akanyamaza, nikadhani salio limekatika.
Kisha, "Na chini ya dirisha?"
Na chini ya dirisha.
"Haya. Subiri mvua. Huenda zimebaki mbili tatu.
Usipande kitu. Na ufagio uukalie."

Mvua ya kwanza ilikuja usiku, Novemba,
ikagonga bati kama mdai.
Siku ya sita ardhi ikatoa vijani,
viwili viwili, vyote sare,
kama kopo la vifungo limemwagika.
Nikachuchumaa, futi ya kamba shingoni,
nisijue yupi mgeni, yupi mwenyeji.

"Majani ya kwanza ni waongo," Nyalanja akasema.
"Ngoja ya pili. Hayo ndiyo hutaja jina."

Nikangoja. Sikungoja vya kutosha.
Mche wa upanga wa jogoo nikauita mchicha,
nikaupika kwa karanga,
nikala maua ya mwezi wa pili
kwa ugali wa jana.

Kosmosi nayo, ile ya rangi ya chungwa,
ina pacha wake asiye na haya.
Jani lile lile lililochanika, shina lile lile jembamba.
Nikang'oa mnyonge, nikabakiza mwenye afya,
nikammwagilia kwa maji ya kusuuzia vyombo,
nikamwekea kijiti asivunjike.
Akanifika kiunoni. Akatoa ua dogo, jeupe, la kuombea radhi.
Halafu akatoa sindano.

Bi Sizya alikuja kuchukua gauni la kipaimara la bintiye,
akapita kando ya dirisha.
Sindano hamsini na kitu upindoni.
"Fundi," akasema, "hii ndiyo mishono mipya?"
Kishonanguo! Mimi, mshona nguo, nimemlea
kishonanguo kwa mikono yangu
na wala hakunilipa ufundi.

Kilichookoka ni kimoja, na si kwa akili zangu.
Chini kilikuwa na kiazi kama kidole cha muhogo,
ufagio haukukifikia.
Nyalanja hukiita saa kumi.
Kikafungua saa kumi na robo, waridi yenye michirizi ya njano.
Umechelewa, nikakiambia,
lakini hapa tumezoea, tuna treni ya Kigoma.
Usiku ule, mguu kwenye pedali,
harufu ikaingia dirishani bila hodi.
Nilirudia mshono mmoja mara tatu.

Mwaka wa pili sikung'oa kitu mpaka kipate majani manne.
Niliumega ukingo wa jani, nikaunusa:
kishonanguo hunuka ukali wa shamba.
Nilitia chumvi kwenye ugali tu, si kwenye bustani.

Sasa ni Juni. Mama Kapela amekuja kuchukua kodi,
ametazama mabua yaliyokauka, vichwa vimeinama,
mbegu nyeusi zimelala mchangani kama pilipili manga.
"Mwanangu," ameuliza kwa upole, "unaumwa?"

Nafagia kila asubuhi. Nafagia mlangoni, jikoni, njiani,
naja mpaka kwenye safu ya matofali matano
na mkono wangu unasimama wenyewe,
bado ukiona aibu kidogo.

Nyalanja nimemwekea mbegu zake
kwenye bahasha ya ruwaza ya mkono wa blauzi.
Ndoo sijamrudishia.