Pengo la Unywele

Mashine ya moyo ya zahanati ya Langoni
ilikuwa imeanza kuchora nyasi:
mstari mnene, wenye manyoya,
mahali pa kilima na bonde na kilima.
Nesi Tima alinipigia saa tatu asubuhi.
"Shebwana, ama kitu hiki kimeharibika
ama Bi Mwanamvua amekufa na hajui."

Nikamkuta kitandani, miguu nje ya leso,
kofia anayoishona bado mkononi,
sindano imechomekwa ukingoni.
"Fundi, usinirushe kwa umeme wako.
Nina oda ya kofia sita kabla ya Maulidi."

Nikayahesabu manyoya: hamsini kwa sekunde.
Huo si moyo. Huo ni ukuta,
ni friji ya chanjo, ni taa ndefu ya varanda,
ni jenereta ya hoteli ng'ambo ya kichochoro.
Mwili wa mtu ni eriali,
hudaka yote na haumwambii mwenyewe.

Waya wa mkono wa kulia, waya wa mkono wa kushoto,
zote mbili hupanda zimebeba mvumo mmoja,
volti kwa volti,
kama majirani waliookota uvumi mmoja
kwenye baraza moja.
Saketi nzuri haibishani nao.
Huuondoa mmoja katika mwenzake:
walicholingana hufa papo hapo,
na kinachobaki, elfu moja ya volti, pengine pungufu,
ndicho chake mwenyewe Bi Mwanamvua.

Halafu kuna pengo.
Kati ya upande wa mgonjwa na upande wa ukuta
hapapiti waya hata mmoja.
Pana kidude cheusi, miguu sita,
ukubwa wa mbegu ya ubuyu,
ndani yake taa huku, jicho kule,
na katikati unywele wa giza.
Taa hukonyeza. Jicho huelewa.
Habari huvuka, umeme hubaki kwao.
Volti elfu zije zipige hodi:
hakuna mlango.

Nikafungua skrubu nne.
Vumbi. Ganda la yai la mjusi.
Kidude hakipo.
Mahali pake, waya mwekundu, mfupi,
umeungwa moja kwa moja toka ukutani hadi kifuani,
kwa lehemu yenye tumbo,
mkia umepinda kushoto.

Naijua lehemu ile.
Kila fundi ana mwandiko.
Ilikuwa Ramadhani, mwaka wa tatu sasa,
kidude kimeungua, Mombasa wanasema wiki mbili,
foleni imefika ngazini,
nami nikasema, nafunga waya kwa leo tu.
Kesho nitarudi.

Miaka mitatu ya vifua vya watu.
Sijasikia aliyedhurika.
Sijauliza.

Nikamwambia Tima nafuata spea.
Mkomani, kwenye kikapu cha mizoga ya chaja na redio,
nikaking'oa kidude kizima kutoka bodi ya sola,
nikakipima mara mbili, nikakipima tena,
nikarudi mbio nimebana mlango wa punda mtu asinisimamishe,
kumbe njia nzima nilikuwa nasema peke yangu.

Nikakata waya mwekundu.
Nikaketisha kidude miguu sita.
Karatasi ikatoka:
kilima, bonde, kilima,
safi kama uzi uliopitishwa ntani.
Na kwa kuwa nyasi zimefyekwa, tukaona:
kila pigo la saba lilichelewa kidogo,
likaja limechoka.

Tima akanyamaza, akatafuta kalamu
kuandika barua ya hospitali kubwa.

"Umeifanya nini?" akauliza Bi Mwanamvua.
"Nimeirudishia pengo lake."
Akaiinua kofia dirishani,
mwanga ukamwagika usoni kwa vitundu.
"Na haya matundu mwanangu ndiyo yanayonitoa macho.
Kitambaa kitupu angeweza yeyote."

Waya mwekundu uko mfukoni mwangu.
Tima hajauliza.
Kesho nitamwambia.